Vihara ya Sri Lanka: Hekalu Linaloishi kwa Kupewa

Vihara ni hekalu la Kibuddha pamoja na makazi ya watawa wake. Katika maeneo ya Wasinhala nchini Sri Lanka si rahisi kupita vijiji viwili bila kuiona. Uani mwake husimama stupa, yaani kuba jeupe linalohifadhi masalia matakatifu. Mti wa bodhi uliozungushiwa ukuta. Nyumba ya sanamu ya Buddha. Ukumbi wa mahubiri. Na nyumba ya watawa. Watu huja hapo kusikiliza mafundisho, kufanya taamuli, kuwaleta watoto kwenye masomo ya dini ya Jumapili, na kuleta chakula. Jambo hilo la mwisho ndilo linalobeba mengine yote, kwa sababu kanuni haiwaruhusu watawa kulima, kufanya biashara wala kujipikia. Kwa hiyo historia ya vihara, inayozidi miaka 2,200, ni historia ya utoaji: nani alitoa, alitoa nini, na mambo yalikuwaje pale utoaji ulipokatika. Taamuli ya watu wa kawaida, ambayo leo huwavuta wageni kutoka kila pembe ya dunia, ilikuja baadaye sana, nayo ilijengwa juu ya msingi huohuo.

Chimbuko nchini India

Buddha alifundisha kaskazini mwa India yapata karne ya 5 kabla ya Kristo. Wafuasi wake wa kwanza walikuwa watu wa kutangatanga, waliolala chini ya miti na kwenye mapango. Miezi mitatu ya mvua walitakiwa kutulia mahali pamoja, wasije wakakanyaga mimea na viumbe vidogo vilivyojaa njiani. Makazi hayo ya msimu ndiyo yaliyozaa nyumba za kudumu, na tangu mwanzo nyumba hizo zilikuwa zawadi. Mfalme Bimbisara wa Magadha alitoa bustani ya mianzi ya Veluvana, karibu na mji wa Rajagaha. Mfanyabiashara Anathapindika wa Savatthi alitoa bustani ya Jetavana. Mapokeo yanasema aliinunua kwa mwana wa mfalme aliyeitwa Jeta kwa kuifunika ardhi yake yote kwa sarafu za dhahabu. Mjini humohumo mwanamke tajiri, Visakha, alijenga makazi mengine ya watawa.

Uhusiano wa mtawa na mtoaji uliwekewa kanuni kali. Katika mkondo wa Theravada, unaofuatwa Sri Lanka, Myanmar na Thailand, mtawa wa kiume hufungwa na kanuni 227. Hali chakula baada ya jua la utosi hadi alfajiri inayofuata. Haweki akiba ya chakula cha kesho. Hali kitu ambacho hakukabidhiwa kwa mkono. Hapokei dhahabu wala fedha. Anachostahili kupewa ni mambo manne: mavazi, chakula, malazi na dawa. Kanuni hizi zilimnyima mtawa nafasi ya kujitenga kabisa na watu. Kila kukicha ilimlazimu kusimama mbele yao na bakuli lake, nao wakapata nafasi ya kumwona, kumuuliza na kumpima mwenendo. Mafundisho hayakuwa na bei, na chakula hakikuwa malipo. Kila upande ulitoa kile ulichokuwa nacho.

Mafundisho yenyewe yalifuata mpangilio huo. Maandiko ya Kipali yanaeleza kwamba Buddha, alipozungumza na mtu asiye mtawa, alianza na utoaji, unaoitwa dana, kisha akaingia kwenye maadili, thawabu za mbinguni, hatari za tamaa na faida ya kuachana nazo. Ni pale tu msikilizaji alipokuwa tayari ndipo alipofundishwa kweli nne kuhusu mateso na namna ya kuyakomesha. Vilevile, katika orodha ya Theravada ya fadhila kumi zinazomkamilisha Buddha, dana ndiyo ya kwanza. Sababu ya mpangilio huu ni ya kimazoezi. Taamuli inamtaka mtu aachilie hasira, tamaa na hata nafsi yake mwenyewe, na asiyeweza kuachia sahani ya wali atawezaje kuachia hayo?

Mapango yenye majina

Ubuddha uliingia Sri Lanka katikati ya karne ya 3 kabla ya Kristo. Kwa mujibu wa kumbukumbu za kale za kisiwa hicho, uliletwa na Mahinda, mtawa aliyekuwa mwana wa Mfalme Ashoka wa India. Alikutana na Mfalme Devanampiya Tissa kwenye mlima wa Mihintale, naye mfalme akamkabidhi bustani yake ya Mahameghavana mjini Anuradhapura. Hapo ndipo ilipoanza Mahavihara, hekalu lililoongoza fikra za Theravada kwa zaidi ya miaka 1,000. Dada yake Mahinda, Sanghamitta, alifuata akiwa na tawi la mti wa bodhi ambao Buddha alipata nuru chini yake. Mti uliotokana na tawi hilo bado unatunzwa Anuradhapura.

Ushahidi wa wazi kabisa wa kipindi hicho umo kwenye mawe. Mapango mengi yaliyotolewa kwa watawa yalichongwa ukingo juu ya mlango ili maji ya mvua yadondoke nje yasitiririke ndani. Chini ya ukingo huo yaliandikwa maneno machache kwa hati ya Brahmi. Maandishi ya aina hii yaliyopatikana yanazidi 1,000. Kwa kawaida yanataja jina la mtoaji, wakati mwingine na la baba yake au kazi yake, halafu yanasema kwamba pango limetolewa kwa jumuiya ya watawa wa pande zote nne za dunia, waliofika na ambao bado hawajafika. Miongoni mwa watoaji wamo wafalme na machifu, lakini wamo pia wenye nyumba wa kawaida, mafundi na wanawake waliotoa kwa majina yao wenyewe. Zawadi hiyo haikuwa ya mtawa mmoja. Mgeni aliyetoka mbali alikuwa na haki ya kulala humo sawa na aliyemtangulia.

Jambo hilo halikuwa dogo, kama ilivyodhihirika katika karne ya 1 kabla ya Kristo. Mfalme Vattagamani Abhaya, aliyepinduliwa na kuishi mafichoni miaka mingi, alimpa hekalu jipya la Abhayagiri mtawa mmoja aliyemsaidia wakati wa dhiki. Mahavihara ilimtenga mtawa huyo kwa ukaribu wake na walei, wafuasi wake wakahamia Abhayagiri, na kisiwa kikawa na makundi mawili yanayoshindana. Mgawanyiko huo ulidumu zaidi ya karne kumi, hadi Mfalme Parakramabahu wa Kwanza alipoyaunganisha makundi ya watawa mwaka 1165.

Zama za Vattagamani zilileta funzo jingine. Vita na ukame vilisababisha njaa kubwa, vijiji vikakosa cha kuweka bakulini, na watawa wengi wakafa au kukimbilia India. Hadi wakati huo maandiko ya Kibuddha yalihifadhiwa vichwani na kupokezwa kwa kukariri. Mapokeo yanasimulia watawa walioishi kwa mizizi na majani, wakiendelea kukariri huku wamelala kwa kukosa nguvu. Njaa ilipopita, waliona kwamba mafundisho yanayotegemea vifua vya watu wanaolishwa na wengine yanaweza kupotea katika kizazi kimoja. Yakaandikwa kwa mara ya kwanza, na kazi hiyo kwa mapokeo inahusishwa na mapango ya Aluvihara, karibu na Matale.

Hekalu la kifalme

Katika karne zilizofuata utoaji ulichukua sura ya dola. Wafalme walichimba mabwawa, wakajenga stupa kubwa kuliko vilima, na kuyapa mahekalu mashamba pamoja na kodi ya vijiji. Mtawa Mchina Faxian, aliyekaa kisiwani miaka miwili mwanzoni mwa karne ya 5, aliandika kwamba Abhayagiri ilikuwa na watawa 5,000, Mahavihara 3,000 na Mihintale 2,000. Katika magofu ya ukumbi wa chakula wa Mahapali, Anuradhapura, bado lipo hori kubwa la jiwe lililokuwa likijazwa wali wa kugawia watawa.

Picha iliyo hai zaidi ya maisha hayo iko Mihintale, kwenye mabamba mawili ya mawe yaliyosimamishwa na Mfalme Mahinda wa Nne katika karne ya 10. Ni kanuni na bajeti ya hekalu kwa pamoja. Watawa wanaagizwa kuamka alfajiri na kufanya taamuli, kusafisha kinywa, kuvaa ipasavyo, kisha kushuka kwenye ukumbi wa chakula, kusoma maneno ya upendo na ulinzi kwa viumbe wote, na ndipo wapokee uji na wali. Mabamba yanataja pia wafanyakazi wa hekalu na kiasi cha ardhi au mchele anachopata kila mmoja: wapishi, wafinyanzi, mafundi, waganga na walinzi. Chini ya mlima yamo magofu ya hospitali, pamoja na hori la jiwe lililochongwa kwa umbo la mwili wa binadamu, ambamo mgonjwa alilazwa katika mafuta ya dawa.

Utajiri huo ulikuwa na gharama yake. Hekalu lenye vijiji lilikuwa bwana wa ardhi, na wakulima wake walidaiwa kazi na mazao. Kilichoanza kama zawadi ya hiari kiligeuka wajibu kwa waliozaliwa kwenye ardhi ya hekalu. Isitoshe, mahekalu yaliyotegemea mfalme yalianguka pamoja na mfalme. Wachola kutoka kusini mwa India waliiteka Anuradhapura mwaka 993. Vijayabahu wa Kwanza alipoukomboa utawala mwaka 1070, watawa waliobaki hawakutosha kufanya upadirisho kamili, yaani kuwaingiza wapya rasmi katika utawa, ikabidi waletwe wengine kutoka Burma, ambayo leo ni Myanmar.

Upotevu huo ulijirudia baada ya Wareno kufika mwaka 1505 na Waholanzi kuwafuata. Kufikia karne ya 18, hata katika ufalme wa Kandy uliobaki huru milimani, hapakuwa na mtawa aliyepata upadirisho kamili. Waliovaa majoho walikuwa na wake na mashamba. Mageuzi yaliletwa na Welivita Saranankara, aliyezaliwa mwaka 1698. Yeye na wenzake walianza kwa kurudi kwenye desturi ya kwanza kabisa: walichukua bakuli na kwenda nyumba hadi nyumba kuomba chakula, hadi Saranankara akapewa jina la utani la mla sadaka. Kwa juhudi zake na msaada wa Mfalme Kirti Sri Rajasinha, watawa wa Siam, ambayo leo ni Thailand, wakiongozwa na Upali walifika kwa meli ya Kiholanzi mwaka 1753 na kuurejesha upadirisho. Kundi walilolianzisha linaitwa hadi leo Siyam Nikaya.

Upadirisho huo hata hivyo ulifungiwa tabaka moja la wakulima wenye hadhi. Jamii za pwani, zikiwamo za wachuna mdalasini waliotajirika kwa biashara, ziliamua kutoa kwa njia yao. Ziligharimia safari ya wanafunzi wao hadi Burma, nao waliporudi mwaka 1803 wakaanzisha kundi la Amarapura. Kwa mara ya kwanza kundi zima la watawa lilizaliwa bila mfalme.

Kutoka kwa mfalme hadi kwa chama cha walei

Waingereza walipoitwaa Kandy mwaka 1815 waliahidi katika mkataba kuilinda dini ya Buddha. Wamisionari walipinga, na kufikia katikati ya karne ya 19 serikali ilikuwa imejitoa katika jukumu hilo. Mahekalu yakabaki na ardhi isiyo na msimamizi wa juu, na hatimaye zikatungwa sheria za kusimamia mali zake katika miaka ya 1889, 1905 na 1931.

Pengo hilo lilijazwa na watu wa kawaida. Wafanyabiashara wa nazi na madini ya grafiti, makarani na walimu waliunda vyama vya kutunza mahekalu, kuchapisha vitabu na kujenga shule. Mdahalo wa Panadura wa mwaka 1873, ambapo mtawa Migettuwatte Gunananda alijibizana hadharani na wahubiri wa Kikristo, uliwatia moyo. Mwaka 1880 akawasili Mmarekani Henry Steel Olcott, akasaidia kuchangisha fedha za shule za Kibuddha, ikiwamo ile ya Colombo iliyofunguliwa mwaka 1886 na baadaye kuitwa Ananda College. Sikukuu ya Vesak, inayoadhimisha kuzaliwa, kupata nuru na kufariki kwa Buddha, ilirudishiwa hadhi ya mapumziko ya kitaifa mwaka 1885. Mpaka leo, wakati wa Vesak, vibanda husimamishwa kando ya barabara na kila mpita njia hupewa chakula na kinywaji bure, awe wa dini yoyote.

Hekalu la kijamii la leo, lenye kamati, mfuko, ukumbi na masomo ya Jumapili, lilichukua sura yake katika kipindi hiki. Utaratibu wake wa chakula ni rahisi: familia hujiandikisha kwenye kalenda, kila moja siku yake. Wengi huchagua siku ya kumbukumbu ya marehemu, kwani desturi inataka dana itolewe siku ya saba baada ya kifo, kisha baada ya miezi mitatu na baada ya mwaka.

Dana kubwa ya nyumbani huanza watawa wanapowasili kwa maandamano, nyuma ya kasha la masalia linalobebwa kichwani chini ya mwavuli. Mlangoni huoshwa miguu na kupanguswa. Huketi kwenye mikeka au matandiko yaliyofunikwa kwa shuka jeupe, na sehemu ya kwanza ya chakula huwekwa mbele ya sanamu ya Buddha. Wali, samaki, dengu na mboga hupakuliwa na wenyeji wenyewe, kila chombo kikikabidhiwa kwa mikono miwili. Baada ya mlo watawa hupewa vifaa, mara nyingi seti ya vitu vinane: mavazi matatu, bakuli, mkanda, wembe, sindano na kichujio cha maji. Mtawa mkuu hutoa mahubiri mafupi. Kisha wanafamilia hushika pamoja birika na kumimina maji polepole kwenye kikombe hadi yafurike, huku watawa wakisoma, na thawabu za tendo hilo huelekezwa kwa marehemu na kwa viumbe wote.

Taamuli inawafikia walei

Taamuli ilikuwapo tangu mwanzo, lakini kama kazi ya watawa wachache. Katika karne ya 5 mtawa Buddhaghosa aliandika kwenye Mahavihara kitabu cha Visuddhimagga, kinachoeleza njia 40 za kuutuliza moyo. Mojawapo ni kukumbuka ukarimu: mtu huketi na kuukumbuka utoaji alioufanya kwa moyo safi, hadi furaha yake itulize mawazo. Kufikia karne ya 19 mazoezi haya yalikuwa karibu yamesahaulika Sri Lanka. Mwanaharakati Anagarika Dharmapala, mwanzilishi wa jumuiya ya Maha Bodhi mwaka 1891, aligundua hekaluni mwongozo wa kale wa taamuli ulioandikwa kwa mkono, ambao ulichapishwa Uingereza mwaka 1896. Mwalimu wa kuufundisha alikuwa adimu.

Uamsho ulitoka Burma. Waingereza walipoimeza nchi hiyo yote mwaka 1885, ufalme uliowatunza watawa ulitoweka. Mtawa Ledi Sayadaw aliona kwamba dini itadumu iwapo tu walei wenyewe wataielewa, akawafundisha wakulima na makarani mambo yaliyokuwa ya watawa. Mahasi Sayadaw aliendeleza kazi hiyo Rangoon kuanzia mwaka 1949, kwa njia ya kufuatilia kupanda na kushuka kwa tumbo wakati wa kupumua. Mwaka 1955 wanafunzi wake walitumwa Sri Lanka, na mwaka uliofuata, miaka 2,500 ya Ubuddha ilipokuwa ikiadhimishwa, kikafunguliwa kituo cha Kanduboda, ambapo mwalimu wa shule au mfanyakazi wa benki aliweza kukaa wiki kadhaa kama mtawa.

Utoaji haukuachwa nyuma. S. N. Goenka, mfanyabiashara mwenye asili ya India aliyezaliwa Mandalay, alianza kufundisha India mwaka 1969. Mafunzo yake ya siku kumi hayatozi ada ya masomo, chakula wala malazi. Gharama hulipwa kwa michango ya watu waliokwisha kuhitimu mafunzo kama hayo, kwa hiyo kila anayeketi hapo amelishwa na mtu asiyemjua. Mapango ya Sri Lanka yalitolewa kwa kanuni hiyohiyo, kwa ajili ya waliofika na wasiofika.

Vihara nje ya kisiwa

Wasinhala waliosafiri walibeba hekalu lao. Dharmapala alifungua vihara London mwaka 1926, akisaidiwa na michango ya Mary Foster wa Hawaii. Afrika Mashariki, Wasinhala waliofika zama za ukoloni walijenga hekalu Upanga, Dar es Salaam, mapema katika karne ya 20 na kupanda mti wa bodhi. Hekalu hilo, linalohesabiwa miongoni mwa ya kale zaidi ya Kibuddha barani Afrika, ni pia kituo cha taamuli. Mwaka 2005 mtawa Mganda Bhante Buddharakkhita, aliyepata upadirisho nchini Marekani, alianzisha kituo cha Wabuddha karibu na Entebbe, kando ya Ziwa Victoria. Kisima kilichochimbwa kwa ajili ya kituo hicho kinawapatia maji wanakijiji wa jirani pia.

Ugenini, hekalu hutegemea jumuiya ndogo kuliko ile ya kijiji cha Sri Lanka. Familia chache hugawana siku za kalenda, wafanyakazi wa ubalozi na wafanyabiashara hukutana jikoni, na wenyeji wasio Wabuddha huja kujifunza taamuli bila kuulizwa imani yao. Mafundisho hubaki na ngazi tatu za kale: kutoa, kuishi kwa maadili, kisha kuukuza moyo kwa taamuli. Anayeanza hupewa kwanza jambo la kufanya kwa mikono yake: kufagia ua, kupika, kupakua chakula. Kanuni ya bakuli nayo haijabadilika, na kila siku kabla ya adhuhuri watawa hula kile ambacho mtu fulani, asubuhi hiyo, ameamua kwa hiari yake kuwaletea.